Springi za Pikapu na Mgongo wa Mama Mkwe

Jumanne, 1 Agosti 1995

Hospitali tena na mama mkwe, kama kila Jumanne. Yeye nyuma kwenye godoro, mke wangu Odeta kakaa pembeni kamshika. Mimi mbele peke yangu, kama dereva wa kukodi. Kukaa kitini hawezi, mgongo haumruhusu tangu alipoteleza na ndoo kwao Magu. Na hata angeweza! Mkwe wa kiume na mama mkwe kiti kimoja, bega kwa bega? Kwetu Wasukuma hakuna kitu kama hicho. Hata mkono hatupeani. Namwamkia shikamoo kwa mbali, ananiitikia akitazama ukuta.

Tulipofika nikamtuma Odeta aulize safari ilikuwaje. Jibu likarudi kwa njia ileile: salama kabisa, mkwe ashukuriwe. Salama! Njia ya huku Ilemela ni mawe matupu. Mimi niliyekalia sponji nimejiuma ulimi. Yeye aliyelala juu ya bati iweje salama? Nashindwa kuelewa. Na kitu nisichokielewa hakiniachi nilale.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimeshinda chini ya pikapu. Redio za watu ninazotengeneza nimeziacha wazi mezani, matumbo nje. Lakini nimegundua!

Aliyeniuzia alikuwa anasomba sangara kupeleka viwandani Nyakato (harufu ninayo mpaka leo). Springi za nyuma, vile vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mafundi wanaviita majani. Basi yule bwana kaongeza majani mawili mazito, ya lori! Na shokapu, zile za kutuliza gari lisirukeruke, zimevuja mafuta yote. Yaani gari limefungwa kwa ajili ya tani ya samaki, sisi tunalipakiza mama mmoja mwembamba. Lazima liruke.

Odeta kaja na chai. Kasema nitoke huko, wateja wangu wanataka redio zao wasikilize taarifa ya habari, si mimi nimepaka grisi masikioni. Kanicheka sana.

Jumamosi, 5 Agosti

Gereji kwa fundi Luhaga. Kanifungia shokapu mpya za nyuma, mali ya Dubai. Siku hizi vipuri vimejaa madukani mpaka unachanganyikiwa, wakati zamani ungesubiri kibali mpaka gari liote kutu. Luhaga kajisifu: hizi ngumu, zinamaliza ugomvi wote.

Nikaweka beseni la maji nyuma, likajaa, nikaenda nalo mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Maji yamebaki ya kunawia mkono mmoja. Nadhani nilijaza mno. Au niliendesha vibaya? Tutaona Jumanne.

Jumanne, 8 Agosti

Salama kabisa, mkwe ashukuriwe. Nimeanza kulichukia hilo neno.

Jioni nikakunguta godoro. Nikaona kanga ya mama imebaki pale. Ncha moja imelowa, ina alama za meno. Nyuzi zimekatika. Nani anatafuna kanga? Nikampelekea Odeta nikidhani ni kichekesho.

Hakucheka. Kaanza kulia. Kasema mama anaiuma kanga tangu tunatoka nyumbani mpaka hospitali, asije akapiga kelele mkwe akasikia. Mama mwenyewe kamkataza asiniambie. Na leo, kwa hizo shokapu zangu mpya, ndiyo imekuwa mbaya kuliko zote. Mama kasema Jumanne ijayo ni ya mwisho, baada ya hapo anarudi Magu akalale ndani. Lakini daktari wa mazoezi ya viungo alisema wazi, akiacha sasa hatasimama tena!

Odeta kaniambia: wewe kila siku unauliza gari, gari, huulizi mama. Nikamwambia nitamuulizaje, nikiwa wapi?

Naona aibu.

Jumatano, 9 Agosti

Haya. Kama haniambii, nitalala pale mwenyewe.

Nikamwita Luhaga aendeshe. Nikajilaza kwenye godoro vilevile anavyolala yeye, kichwa kwenye kabini, miguu nyuma. Watoto wa jirani wakakusanyika, mmoja akauliza kama nimekufa. Twende!

Mungu wangu. Jiwe la kwanza tu, nikaona nyota. Tairi likiingia shimoni kiuno kinabaki hewani, halafu bati linakuja kukupokea. Unapigwa mara mbili! Sikupiga kelele, niliuma mkono wa shati. Luhaga anacheka huko mbele, ndiyo gari la kazi hili bosi! Nikalia kidogo, sitaki kuficha. Yule mama kapigwa hivi kila wiki, akifika ananishukuru.

Lakini nikaanza pia kusikiliza mwili. Nikasogea huku na huku kama mtu anayetafuta stesheni. Nyuma kabisa unarushwa vibaya. Juu ya ekseli, palepale kiuno chake kinapokuwa, ni nyundo. Nikajaribu kulala kwa kukingama, magoti nimekunja, mgongo nimeuegemeza kwenye bati la kabini. Afadhali! Afadhali sana. Nikamgongea Luhaga arudie njia ileile. Kweli, si mawazo yangu.

Luhaga kaniambia nina wazimu. Inawezekana.

Jumamosi, 12 Agosti

Tumetoa majani yote mawili ya lori. Yaliyobaki yalikuwa yameshikana kwa kutu, tumeyasugua na kuyapaka grisi yateleze. Zile shokapu ngumu nimeziondoa, tumefunga zilizotumika, laini, lakini hazijavuja. Upepo wa tairi tumepunguza. Viroba viwili vya mchanga wa ziwani nimevilaza juu ya ekseli, uzito wake ulitulize gari.

Luhaga kalalamika, ukipakia mzigo itakaa chini kama kuku anayetaga. Nikamwambia sipakii mzigo, napakia mkwe.

Beseni tena! Njia ileile. Maji yamebaki zaidi ya nusu. Nimemwita Odeta aje aone, kaja mbio na unga mikononi.

Jumatatu, 14 Agosti

Tatizo jipya, na hili spana hailiwezi. Akilala kwa kukingama pale mbele, mgongo wake na wangu vinatenganishwa na bati tu. Bati na kioo! Nikigeuka namwona. Odeta kaenda kusema naye. Mimi nje, nafuta kioo kilichokwisha kufutwa.

Jibu limekuja baada ya kula. Atalala hapo. Ila kanga itundikwe kwenye kioo, na mkwe asigeuke. Nikasema ndiyo kabla Odeta hajamaliza.

Jumanne, 15 Agosti

Naandika humu ndani ya pikapu, pembeni ya njia, injini nimezima. Tuliondoka nimekaza mikono. Polepole. Nyuma kimya. Nikajisemea anauma kanga. Tukapita pale penye mawe mabaya kuliko yote. Kimya. Nikagonga bati, Odeta! Hajibu. Kioo kimezibwa, na kushuka kwenda kumchungulia mkwe alivyolala, hapana, afadhali nife. Nikasimama nikazima.

Ndipo nikasikia. Mtu anakoroma. Palepale nyuma ya mgongo wangu!

Odeta kaja dirishani, macho yamejaa machozi, kidole mdomoni. Kaninong'oneza: amelala. Tangu mwezi wa sita maumivu hayajampa usingizi wa maana, usiku kucha anahesabu mabati. Usiwashe. Nikanong'ona, daktari anaondoka saa sita. Kasema anajua. Sasa tufanyeje? Karudi kupanda taratibu, kavua viatu kwanza.

Sijui kama mkwe anaruhusiwa kumsikia mama mkwe akikoroma. Sina wa kumuuliza. Nyuma lori la mchanga limekuja, njia nyembamba. Nimetoa mkono nje namsihi dereva asipige honi. Kazima injini, anashangaa. Saa tano imeshapita. Ufunguo uko mkononi, nami nimekaa ukingoni mwa kiti, siegemei, bati lisije likalia.