Mkeka wa Bi Rukia

Jumatatu, 6 Machi

Siku ya kumi na mbili ndani ya plasta. Nimeamka, nimenawa uso kwenye beseni, nimenyoa ndevu ambazo hakuna atakayeziona. Nimehesabu mabati ya paa. Kumi na nane, kama jana. Treni ya mizigo imepita na kikombe kimetetemeka juu ya stuli. Basi. Hayo ndiyo mambo ya asubuhi.

Kosa ni langu. Dukani tuna ngazi yenye mguu mbovu, na mimi ndiye niliyewakataza wenzangu kuipanda. Nikaipanda mwenyewe kuteremsha boksi la bolti. Daktari wa hospitali ya Nsambya alisema wiki sita. Nilidhani anatania.

Ndani kunawasha. Najikuna kwa spoku ya baiskeli. Nalongo, jirani wa chumba cha pili, huniuliza kila siku akirudi kutoka soko la Kalerwe kuuza ndizi: "Mkenya, mguu yako bado nauma? Pore sana." Leo sikumjibu. Nimekuwa mtu mbaya.

Alhamisi, 9 Machi

Nimehamia barazani. Mchana kutwa chumbani nitapata wazimu.

Baraza ni ya Bi Rukia, mwenye nyumba. Mjane, rika la marehemu mama yangu. Babu yake alikuja Uganda na wafanyabiashara wa pwani, na Kiswahili chake kimenyooka hadi mimi wa Bungoma naona haya kufungua kinywa.

Anashona mkeka. Mjukuu wake, Shamimu, anaolewa Jumamosi ya tarehe mosi mwezi ujao, na kwao bi harusi hukalia mkeka ulioshonwa na bibi yake. Utepe mrefu wa ukindu uliosukwa wanauita ukili. Ukili hushonwa ubavuni mwa mwenzake, zambarau ikutane na zambarau, na ua hutokea. Nimetazama kutwa kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama.

Mstari mmoja uliteleza. Zambarau ilikutana na nyeupe. Nikamwambia. Akausogeza mkeka hadi puani.

"Wapi, mwanangu?"

Nikaweka kidole. Hata kidole changu hakukiona.

Jumamosi, 11 Machi

Amenieleza leo. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwanawe wa Jinja hajui. Akijua atamchukua akamkalishe kwenye kochi, na nyumba hii ya Namuwongo itafungwa. Kwa hiyo tumepatana. Yeye anashona, mimi natazama. Nasema "imekutana" au nasema "bado". Maneno mawili tu, kutwa nzima.

Nimepata kazi.

Jumanne, 14 Machi

Siku nzuri. Ya kwanza tangu nianguke.

Amenifundisha kusuka. Ukindu unalowekwa kwanza, la sivyo unavunjika. Vidole vyangu vimezoea bolti na grisi, havijui kitu chepesi. Ukili wangu wa kwanza ulipinda kama mkia wa nguruwe. Bi Rukia aliupapasa, akasema anamhurumia mbuzi atakayelishwa ukili huo. Wa pili ulifumuka. Wa tatu umenyooka.

Niliusuka kuanzia baada ya chai hadi adhuhuri bila kukumbuka mguu. Miaka tisa nauza vipuri vilivyotengenezwa na watu wengine. Sikumbuki mara ya mwisho nilipotengeneza kitu mwenyewe.

Nalongo alisimama akashika kiuno. "Mwanaume gani nasuka mukeka?"

Nikamwambia: mwanaume wa mguu mmoja.

Ijumaa, 17 Machi

Balaa la rangi. Nilijitia kusaidia kuchovya ukindu kwenye sufuria. Gongo likateleza, nikashika sufuria, sufuria haikushikika. Zambarau yote imenimwagikia kutoka goti hadi vidole vya mguu. Nyingine imeruka kwenye shuka la Nalongo lililokuwa kambani. Amenitukana kwa Kiganda, nadhani vizuri sana, maana Bi Rukia alicheka hadi akajifuta machozi.

Plasta yangu ni ya zambarau. Haitoki kwa sabuni. Nimejaribu.

Jumatatu, 20 Machi

Otieno wa dukani amekuja kunijulia hali. Amezunguka zunguka, kisha ameitoa habari. Kuna mtu amekalia stuli yangu. Amepewa funguo za stoo. Bosi anamsifu kwamba ni mwepesi.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Chai imepoa. Nimemjibu Bi Rukia vibaya na hakustahili.

Jumatano, 22 Machi

Nimekwenda dukani. Nimetumia asubuhi nzima na magongo mawili, mvua juu. Bosi amenipokea kwa tabasamu, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Pona kwanza, Simiyu."

Hakuniambia nikae. Yule mtu alikuwa kwenye stuli yangu, funguo kiunoni. Alinisalimia kwa heshima. Ningependa awe mtu mbaya. Si mbaya.

Wakati wa kurudi nimeanguka kwenye matope karibu na reli. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza nyanya wameninyanyua kama gunia.

Bi Rukia alikuwa barazani, shazia, sindano yake kubwa, mkononi, ananisubiri. Tangu asubuhi hakuwa ameshona hata mstari. Nikakaa na matope yangu. Akashona, akauliza: "Imekutana?"

Nikitaka kusema sikuangalia, nitakuwa naongopa hata humu. Niliangalia. Ilipishana upana wa kidole. Kuifumua ni saa nzima, na nilitaka siku iishe.

Nikasema imekutana.

Akashona mwingine juu yake. Na mwingine.

Alhamisi, 23 Machi

Ua limevunjika katikati. Ukisimama mbali unaliona kama kovu.

Leo ameshona kwa furaha. Ananiuliza, nasema imekutana, na ni kweli: mistari mipya inakutana na ile mibovu. Amesema ana bahati kwamba nilivunjika mguu wakati huu. Alikuwa anatania. Ugali umenishinda.

Jumamosi, 25 Machi

Sijamwambia.

Jumatatu, 27 Machi

Shamimu amekuja kuuona mkeka. Binti mrefu, mchangamfu, mikono bado haina hina. Akaukunjua barazani huku akiimba. Alipofika katikati aliacha kuimba. Akanitazama mimi, si bibi yake.

"Mzuri, Bibi. Ahsante sana," akasema.

Shamimu alipoondoka, Bi Rukia alinigeukia.

"Simiyu. Mtoto ameona nini?"

Nikamwambia yote. Dukani, stuli, matope, kidole kizima cha kupishana. Nilisema haraka. Nilidhani atalia au atanisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Macho yangu yameniacha," akasema, "lakini hayakuwahi kunidanganya."

Akaingia ndani. Akafunga mlango kwa komeo.

Jumanne, 28 Machi

Mlango umefungwa. Saa tatu, saa nne. Siku nne zimebaki.

Nikachukua wembe, nikauvuta mkeka mapajani, nikaanza kukata uzi. Uzi wa mkeka ukikatika una mlio wake. Baada ya mstari wa pili mlango ulifunguka.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, Bibi."

Nilisubiri anifukuze. Akavuta kigoda, akapapasa hadi akapata upande wa pili wa mkeka, akaanza kuchomoa nyuzi nilizokata. Tumefumua mistari tisa. Mitatu mibovu na sita mizima iliyoijengea juu. Tuliendelea hadi adhana ya alasiri, aliponyanyuka kwenda kutawadha.

Alhamisi, 30 Machi

Mvua mchana kutwa. Ukindu tuliochovya jana haukauki. Kuna ukili uliochanika wakati wa kufumua, hauwezi kurudi. Tumeshona tangu asubuhi. Nimesema "bado" mara kumi na moja. Kila mara amefumua bila kulalamika. Anauliza kwa baridi, kama mtu anavyomuuliza karani.

Tumepata mistari sita. Hautafika urefu. Bi Rukia aliupima kwa shubiri, mara mbili, kisha akaanza kushona pindo.

"Bi harusi atakaa. Wengine watajua pa kukaa."

Jumamosi, 1 Aprili

Nikahi imefanyika hapa uani. Mimi Mkristo pekee, kwenye kiti pembeni, mguu wa zambarau umenyooshwa mbele kama bomba. Watoto waliugusa mmoja mmoja.

Shamimu alikaa kwenye mkeka. Ua lilikuwa zima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini mkeka uliishia magotini, na miguu yake ilikuwa sakafuni.

Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: "Mbona mfupi?"

Wengine wakamnyamazisha. Bi Rukia hakutaka kusitiriwa.

"Mfupi kwa kuwa sioni. Tangu mwaka jana sioni. Aliyekuwa akiniangalizia ni mpangaji wangu, yule pale."

Watu wote wakanigeukia. Nilingoja aseme na lililobaki. Nilitamani aliseme, nipumue. Hakulisema. Nikainama kama mtu anayesifiwa, na fedheha ilinijaa hadi masikioni.

Mwanawe wa Jinja alikwenda akachuchumaa mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia macho kwa karibu. Mtu mzima mwenye mvi. Alisema, "Mama, mbona hukuniambia?" Akarudia tena.

Kisha pilau ikaja, na watu wakapata la kufanya.

Jumatatu, 3 Aprili

Bi Rukia ameondoka na mwanawe kwenda Jinja. Begi moja. Kuna daktari wa macho huko, na watamwona wiki hii. Nilisimama nikampa mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Kisha: "Usipande ngazi."

Funguo za nyumba amemwachia Nalongo. Mimi nipo barazani siku nzima, Nalongo yuko Kalerwe. Amemwachia Nalongo. Ni haki yake. Imeniuma kuliko mguu.

Jumapili, 9 Aprili

Plasta imekatwa Alhamisi. Mguu umetoka mwembamba, mweupe kwa magamba, kama wa mtu nisiyemjua. Nimetembea hadi relini na kurudi bila gongo. Polepole.

Kesho nakwenda kazini. Otieno anasema tutakuwa wawili stoo, mimi na yule mwenzangu, na bosi ataamua mwisho wa mwezi. Nitajua huko huko.

Dereva wa basi la Jinja ameleta habari. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji na bandeji imefunguliwa. Bi Rukia ameona ukuta, ameuliza nani aliupaka rangi mbaya namna hiyo.

Mchana huu Nalongo alikuja kufagia baraza, akaniona nimekaa bure. Akasema mapacha wake wanalala sakafuni, mkeka wao umechakaa. Nikamuuliza rangi gani. Akafikiri sana. Nyekundu.

Kumenyesha kidogo, kisha pakatulia. Ukindu uko kwenye beseni, unalainika.