Mtani Alivaa Leso ya Mama Yao

Jumapili, alasiri. Jua la hapa kijijini Jilore limetoka na hasira baada ya manyunyu ya asubuhi, nami nimejificha nyuma ya banda la mbuzi nikiandika kwenye simu. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, fundi friji anayeshika nyaya za umeme bila kutetemeka, namkimbia mtoto wa miaka saba.

Naogopa.

Mtoto mwenyewe ni Sidi. Yeye na kaka yake Karisa ni watoto wa marehemu dada yangu Kadzo, aliyefariki Ujerumani na kuzikwa huko huko. Aliacha neno kwamba watoto waje kulelewa na mjomba wao. Mjomba mwenyewe sina mke, na hadi juzi nilidhani mtoto akishiba hana shida nyingine. Dada yetu mkubwa, Dama, anayeishi huko pia, alikubali shingo upande: nijaribiwe miezi mitatu. Wasipotulia atakuja kuwachukua. Leo saa kumi na moja atapiga simu ya video awaone.

Jana tulifanya mahanga ya Kadzo, kilio cha nyumbani ambacho hufanywa hata maiti ikizikwa mbali. Kwetu msiba haupoi bila watani. Huja wakamwiga marehemu na kumcheka mpaka wafiwa wasahau kamasi. Binamu yetu Mbeyu, mtani wa Kadzo tangu utotoni, aliniomba nguo moja ya marehemu. Nikafungua sanduku lililotoka Ulaya, nikampa leso nyekundu na miwani ya jua. Sikufikiria mara mbili.

Watoto sikuwaambia kitu.

Mbeyu akatokea nyuma ya nyumba amejifunga leso, anarusha bega vile vile alivyokuwa akilirusha Kadzo. “Jamani eeh! Ndugu zangu, mbona mwanuka moshi? Kwetu Ulaya hata kuku huoga!” Watu wakaangua kicheko. Mama yangu, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, alicheka akashika mbavu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Kisha nikamwona Sidi anakimbia. Alipenya katikati ya watu, akamkumbatia Mbeyu kiunoni, uso kauzamisha ndani ya leso. Kicheko kikakatika. Mbeyu akabaki mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Karisa hakumtazama Mbeyu. Alinitazama mimi.

Ilibidi tuwe wawili kumbandua. Tangu hapo Sidi hajasema neno, na leo amekunywa uji vijiko viwili tu.

Nimeshatunga uongo wa kila aina wa kumpa Dama. Mtandao mbovu. Watoto wamelala. Simu imetumbukia kwenye ndoo. Nikisema kweli atawachukua, na atakuwa na haki. Nikificha, na mtoto akaharibikiwa mikononi mwangu, je?

Tena nikiri: nimewazoea. Nyumba bila wao siitaki tena.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika Sidi aliponifuma. Akakaa juu ya jiwe, akasema, “Mjomba, nilijua si mama.”

Nikaiweka simu chini.

“Nilikuwa nanusa tu. Leso iko wapi?”

Iko kwenye kamba, inanuka sabuni tu. Niliifua mwenyewe asubuhi kwa sabuni ya unga, mara mbili, nikidhani namfutia aibu ya jana. Kumbe, kwa maneno yake Sidi, ndiyo leso ambayo mama yake alijifunga hospitalini mpaka siku ya mwisho, wala haikuwa imeguswa na maji tangu hapo. Nilimwambia nilichofanya. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mbele ya mbuzi na mbele yake, na yeye akanishika kidole akanivuta ndani.

Sasa naandika nikiwa nimeketi mlangoni. Karisa ametoka chumbani, amelipindua sanduku lote la mama yao sakafuni bila kunisemesha. Dama nitamwambia yote, hata la sabuni, na akiwachukua nitajua ni kwa nini. Imebaki nusu saa.

Sidi ananusa nguo moja moja, anatikisa kichwa, anaiweka kando. Karisa anampa nyingine.

Zimebaki tatu.