Kidonge cha Alfajiri na Maziwa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni
Kidonge saa kumi na mbili. Halafu mizani. Kilo themanini na tisa, zilezile. Miezi minne nameza dawa ya tezi ya shingo na mizani haina habari. Uso umevimba. Nywele zinabaki kwenye kitana. Baridi naisikia peke yangu, Garsen nzima watu wanajipepea nami nimejifunga leso mbili.

Kila siku natembea nusu ya njia ya Minjila na kurudi. Ugali nimeacha. Chapati nimeacha. Nimebaki na hasira tu.

Jumatano, 18 Juni
Nimelala darasani. Kichwa mezani, watoto ishirini na wawili wa chekechea mbele yangu. Nilipozinduka mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, amewashika mikono wawili wao. Amewakuta barabarani, malori yanapita.

Hakufoka. Heri angefoka. Amesema nipumzike mpaka muhula wa tatu, darasa langu amempa mwalimu mwingine. Nikirudi nikiwa hivihivi, ndiyo basi. Miaka kumi na mmoja nafundisha! Naona haya hata kuandika.

Barisa, mume wangu, kasema, "Si ulale mapema." Mimi ninayelala saa mbili kama kuku.

Ijumaa, 27 Juni
Wageni wa Mama, mama mkwe wangu. Wamenisifu nilivyonenepa. Mama akacheka, akanivuta leso begani wanione vizuri. Kwetu Waorma mke wa mwana akinona sifa ni za mama mkwe, kamtunza. Ng'ombe wake wawili wako nyuma ya nyumba. Anawakama mwenyewe alfajiri, na kikombe cha kwanza ni changu, tangu niolewe. Sijamzalia mjukuu na hajawahi kunitupia neno.

Ananipenda. Na leo nilitamani kumzaba kofi. Astaghfirullahi. Nimeshaandika.

Alhamisi, 3 Julai
Kliniki. Majibu ya damu ni mabaya kuliko ya mwezi wa tatu. Daktari ameongeza dawa mara mbili na haelewi. Kauliza kama naruka siku. Siruki! Kauliza nameza saa ngapi. Alfajiri, tumbo tupu, kama nilivyoambiwa. Unameza na nini?

Na maziwa.

Akaweka kalamu chini.

Nikamwambia maziwa si chakula. Chakula ni ugali, ni wali. Maziwa ni maziwa, mtu anakunywa kwanza ndipo aulizie chakula. Nani kwetu atakwambia amekula kwa sababu amekunywa maziwa? Kumbe yanaishika dawa tumboni, mwilini inaingia kidogo tu. Maji matupu, kasema, na maziwa yangoje mpaka saa nne. Kipimo cha dawa kibaki hichohicho, nirudi mwezi ujao.

Miezi yote hiyo ya njaa na kutembea, bure kabisa. Nimelia kwenye bodaboda mpaka nyumbani. Dereva kajifanya haoni.

Jumamosi, 5 Julai
Jana na leo nimekataa kikombe. Nimemweleza Mama kwa Kiorma, polepole. Dawa, tezi, saa nne. Kasikiliza yote. Akauliza, "Maziwa yangu ndiyo yaliyokutia ugonjwa?" Nikasema hapana, Mama. Akauliza tena hilohilo. Kisha akayamwaga mlangoni, yeye asiyemwaga hata tone.

Saa nne nilimfuata jikoni nikamwomba anipe sasa. Kasema yameisha. Hayakuwa yameisha.

Barisa anasema ningekunywa kidogo tu, kumridhisha. Kidogo! Basi na darasa akafundishe yeye. Nalitaka darasa langu. Sitakunywa.

Jumapili, 13 Julai
Mama ameondoka, kaenda Chewele kwa binti yake. Ng'ombe wamepakiwa kwenye pikapu, mmoja baada ya mwingine, nami nimesimama pale nimeshika kamba sijui ya nini. Hakugombana na mtu. Alisema tu, "Kule kuna wanywaji."

Barisa hanisemeshi. Haya, asinisemeshe.

Jumanne, 19 Agosti
Damu iko sawa. Kilo themanini na tano. Daktari kasema nisingoje dawa iondoe zote, nyingine ni za sahani yangu na zitatoka polepole. Sawa. Ila baridi imekwisha, na jana nilifua nguo zote bila kukaa chini.

Wote walioniita mvivu, nilikuwa mgonjwa. Nataka mtu mmoja aniombe radhi. Hayupo.

Mwalimu mkuu kasoma karatasi ya daktari, kanirudishia darasa. Nimempigia Mama nimwambie. Mara tatu. Simu anashika binti yake, anasema Mama anaswali. Mara zote tatu anaswali.

Jumatatu, 25 Agosti
Shule zimefunguliwa. Sikusinzia hata kidogo. Watoto wamenirukia, mmoja kanikojolea dera. Tumeimba mpaka sauti ikanikauka. Mwalimu mkuu kapita dirishani mara mbili, akaenda zake.

Nimerudi kwa miguu, mwepesi, nina habari. Nikasukuma mlango nikaita, "Mama!"

Ndipo nikakumbuka. Nikavua viatu, nikakaa.