Faili Langu la Leseni ya Bima

Shoga, mtihani wa uwakala wa bima nimeupasua, mimi wa darasa la saba, wenye digrii wakabaki kutoa macho! Haya, usipige vigelegele. Ilikuwa mara ya tatu, nikavuka kwa alama moja.

Faili la kuombea leseni si nilimpa mtoto wa kaka yangu, maana yeye ni wakala, alipeleke ofisi ya leseni? Miezi minne! Nikiuliza: "Shangazi, wanalishughulikia." Na mimi mjinga nampelekea majirani, anawakatia bima kwa jina lake na kamisheni anakula yeye, kwa kuwa bila leseni siruhusiwi kuuza.

Leo nimekwenda ofisini kwao mwenyewe. Dada wa dirishani kapekua kompyuta, kapekua makabati. "Mama, hatujawahi kulipokea."

Hatujawahi, shoga! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kimevaa tai.

Nikampigia pale pale, nikaweka spika dada naye asikie. "Uko wapi, baba?"

"Shangazi, una bahati! Niko dirishani kwa ajili ya faili lako. Dada huyu hapa mbele yangu anagonga muhuri."

Dada akaisogelea simu. "Muhuri upi, kaka? Mbele yangu yupo shangazi yako."