Pete Isiyo na Mlango

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika Maramba. Bibi yako hajambo, na mbuzi kazaa.

Unauliza kwenye kamba ya mbele ya mkanda wako wa kukwelea miti, pale unaponing'inia, uweke pete nzima au pingu ya chuma inayofungwa kwa skrubu. Umeuliza penyewe! Enzi zangu huko msituni Amani hakuna aliyenishinda kukwea mivule kuchuma mbegu.

Sisi tulitumia pingu. Siku moja niko juu kabisa, mwenzangu Mbwana akapiga kelele kutoka tawi la jirani: "Wee! Skrubu inatoka!" Nikatazama kiunoni. Kila nilipogeuka kamba ilikuwa ikiisugua, nayo imefunguka, imebaki ncha tu. Nikaukumbatia mti, macho nimeyafumba. Mbwana akaja taratibu, akaikaza kwa vidole. "Fumbua macho, bingwa."

Weka pete nzima, mama, isiyo na mlango wa kufunguka. Watakwambia pingu za siku hizi zina kufuli. Sibishani nao, lakini wewe weka pete. Mimi hata leo nikikaa kitini, mkono huenda wenyewe tumboni kupapasa ile skrubu.

Babu yako