Uzi Mwekundu wa Babu Pasi

Kabla hakujapambazuka leo, kifuniko cha pasi ya mkaa kililia kacha! kule barazani. Niliketi kitandani nikataka kukuuliza kama umevaa sweta. Ndipo nikakumbuka. Mwaka umetimia tangu ulipotuaga, mume wangu, na aliyekuwa akiwasha pasi yako ni mjukuu wetu. Yuko nyumbani. Hilo ndilo la kwanza tunalotaka ulisikie.

Tunakumbuka ulivyopokea nguo za watu kama unayepokea wageni. "Shati hili limepigana na nani?" ulimuuliza muuza mkaa kila alipokuja, naye hakuchoka kujibu, "Na gunia, Babu Pasi, na gunia limeshinda." Kifungo kikilegea ulikikaza bila kusema. Mwenye shati aligundua akifika kwake, kama aligundua.

Tunakumbuka uzi wako mwekundu. Kila nguo iliyoingia uliitia uzi ndani ya kola, wenye mafundo ya kumtambulisha mwenyewe. Akija kuichukua, uliukata kwa wembe mbele yake ukasema, "Haya, ni yako tena." Nguo yenye uzi ilikuwa bado haijatoka mikononi mwetu.

Na tunakumbuka siku ile ya mvua, ulipomvisha mjukuu wetu koti la mwalimu lililokuwa likimsubiri mwenyewe, ili asambaze nguo bila kutetemeka. Kosa la dobi hilo. Ulikuwa umezilea nguo za watu hadi ukaziona kama zako. Kumbe siku hiyo mwalimu alikuwa ameshatekwa, nasi hatuna habari. Maiti yake ilipopatikana, watu walikumbuka kijana wetu alivaa koti lake. Mmoja akasema aliwaona wakizungumza njiani siku za nyuma. Hakuna aliyemwona akiteka wala akiua, lakini mambo hayo mawili yalitosha, akahukumiwa kufa.

Ulikuwa umesimama mahakamani ukasema, "Koti nilimvisha mimi, na uzi wangu bado umo kolani." Maneno yako yaliandikwa, kisha yakapitwa. Babu atamtetea tu mjukuu wake, walisema.

Hukumlaani mtu. Kila ulipotoka gerezani kumwona, ulipita kwa mama yake mwalimu. Hakukufungulia. Uliketi kidogo kwenye ngazi yake, ukaondoka. Nilikuuliza unatafuta nini pale. "Wetu tunamwona nyuma ya nyavu," ukanijibu. "Yeye wake amwone wapi?"

Rufaa ilisikilizwa ukiwa umeshatangulia. Wakili wetu, yule binti wa sauti nyembamba uliyemwita Chiriku, aliwaambia majaji kwamba ushahidi wa mazingira lazima uelekee kwa mshtakiwa peke yake, usiache njia nyingine. "Na hapa njia nyingine ipo," akasema. "Inapita kwa dobi." Akawaomba wayasome upya maneno yako, na koti litolewe. Jaji akaigeuza kola. Uzi ulikuwa pale pale. Koti lilikuwa halijamrudia mwalimu. Basi halikuvuliwa mwilini mwake. Na kuzungumza na mtu njiani, majaji wakasema, si kumteka. Wakamwachia huru.

Laiti ungemwona Chiriku! Alilia kumshinda aliyeachiwa, akajifuta kwa joho lake, hadi binti yetu akamwambia, "Lete nikufulie, mwanangu, limeloa chapachapa."

Aliyemuua mwalimu hajajulikana, kwa hiyo furaha yetu hatukuipigia kelele. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama yake, nikaketi kwenye ngazi yako. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa amerudishiwa koti. Aliigeuza kola, akaugusa uzi kwa kidole.

"Mumeo angefanyaje na huu?"

"Angeukata, akakwambia ni lako tena."

Aliingia ndani, akarudi na wembe. "Basi kata, dada."

Alinishikia kola, nikakata. Uzi ulipotoka alilikunja koti vizuri, akaliweka mapajani, akanimiminia chai. Alinisimulia mwalimu alivyokuwa mtundu alipokuwa mdogo. Nami nikamsimulia habari zako.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, binti yetu mshonaji na mumewe, mwanetu seremala, mjukuu wako, ambaye bado anaunguza kola za watu, lakini usimkasirikie, atazoea, rafiki yako muuza mkaa, na Chiriku, aliyesema tusipomtaja atatushtaki. Hututoki moyoni, leo na siku zote.

Na sasa yupo mmoja zaidi. Siku ile, nilipomaliza kuvaa viatu mlangoni, mama yake mwalimu alinisindikiza hadi kwenye ile ngazi.

"Usikae siku nyingi bila kuja, dada," akasema. "Uje tena. Na huyo kijana, siku hiyo uje naye."