Aliyepika Kabla Yangu

Jumamosi, 6 Juni

Nimenunua kingine! Cha thelathini na tano. Mwezi uliopita niliapa sinunui tena, rafu ya jikoni imeshapinda katikati – lakini Bwana Kurasa, yule muuza vitabu vikuukuu chini ya ngazi za jengo la posta, anaujua udhaifu wangu. Hata salamu hakumaliza. Alivuta boksi uvunguni mwa meza akasema, dada wa miwani, hili nimekufichia wewe.

Hakina jalada. Kinaanzia ukurasa wa 9. Ni cha kuwapikia wagonjwa tu: supu za kuchuja, viazi vya kuponda, mayai ya mvuke, pudini ya mchele. Na vipimo vyake! "Siagi kiasi cha kidole gumba." "Acha motoni kwa muda wa kufua shati moja." Nani leo anapima muda kwa shati? Ndiyo maana navipenda. Vitabu vipya vina picha zinazong'aa na havijawahi kukaribia jiko. Vya zamani vimeshapikiwa watu. Kuna unga kwenye mshono, kuna alama ya kidole chenye mafuta. Mimi huchagua pishi kwa madoa. Ukurasa mchafu una chakula kitamu, ukurasa safi hakuna aliyeuamini.

Hiki kina maandishi ya penseli pembeni, karibu kila ukurasa. Mwandiko mdogo, umelala. Mwenyewe alikuwa akimuuguza dada yake.

Mama aliponiona nacho alisema nyumba hii ina vitabu thelathini vya chakula na mtu mmoja asiyekula. Nilicheka, yeye hakucheka. Wiki ya tano sasa tangu atoke hospitali. Tumbo limepona, hamu haikurudi. Leo asubuhi kilo 38 na nusu. Daktari alisema wazi: akifika 36 arudi wodini alishwe kwa mpira wa puani. Mama naye akamjibu wazi: hatiwi mpira, yeye si tangi la maji.

Naogopa. Naliandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Naogopa atanifia huku sahani imejaa.

Jumapili, 7 Juni

Supu ya karoti, uk. 9, iliyochujwa mara mbili. Vijiko vitatu! Kisha akageukia ukutani. Lakini jana kilikuwa kimoja, na juzi alitema.

Nilivyorudi jikoni ndipo nikasoma pembeni: "Dada kala vijiko vitatu, kageukia ukutani." Nikacheka peke yangu. Wagonjwa ni wale wale.

Sisi wapenda vitabu hivi tuna desturi yetu: ukipikia kitabu, unaacha neno, kwa penseli, usiharibu. Nikaandika chini yake: "Mama pia."

Jumanne, 9 Juni

Viazi vya kuponda na maziwa, uk. 12. Nusu bakuli. Pembeni: "Nusu bakuli. Kauliza kama kesho kuna tena." Mama hakuuliza.

– Baadaye. Ameuliza.

Ijumaa, 12 Juni

Pudini ya mchele, uk. 14. Mama alifumba macho akasema inanukia nguo zilizoanikwa juani. Mama yangu huyu, ambaye tangu nimjue sifa yake kubwa ya chakula ni "si kibaya"!

Nikaenda jikoni kama mtu anayevutwa kwa kamba. Nikafungua. "Dada asema inanukia nguo za juani."

Mama kitabu hajakigusa. Kinalala jikoni na yeye hatoki kitandani. Nilikaa pale mpaka maji ya chai yakakauka kwenye sufuria. Halafu nikakumbuka mizani ya asubuhi: kilo 40. Mtu anayekula haulizwi maswali. Nimekifunga kitabu, nimeosha sufuria, basi.

Jumapili, 14 Juni

Kaka amekuja na machungwa na uso wa msibani. Akamkuta Mama ameegemea mito, anakula. Alisimama pale na mfuko mkononi. Mama akamwambia umekuja kuzika, umekuta karamu. Tulicheka wote watatu, na kaka akalia kidogo, akasingizia vumbi.

Jikoni aliniuliza, na wewe mbona umebaki macho tu? Nikasema kazi. Pengine ni mafua. Tangu Jumatano sisikii ladha. Naonja supu, ni maji moto. Chumvi ya Mama naipima kwa vidole, kwa kumbukumbu tu. Nimeliandika na hilo pembeni ya viazi, uk. 12, ili nikumbuke lilianza lini: "Sisikii ladha – mafua."

Jumanne, 16 Juni

Mayai ya mvuke, uk. 17. Mama amekula mawili na mkate juu yake. Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini namtazama, miguu ikiniuma kama nimetembea kutwa. Akasema, bila kunigeukia:

"Usiketi mlangoni, mdogo wangu."

Mdogo wangu. Mimi ni kitinda mimba wake! Nikamwambia, Mama, ni mimi. Akasema najua ni wewe, kwani nimesemaje? Hakumbuki. Akaomba chumvi.

Sikutaka kufungua kitabu. Nimefungua. "Dada hataki niketi mlangoni."

Alhamisi, 18 Juni

Nimekipeleka kazini. Kazi yangu ni kusaga lenzi na kuzivisha fremu, na mezani kwangu nina taa ndogo na kioo cha kukuzia cha kutafutia mikwaruzo. Nilikuwa nimegundua kuwa pembeni mwa kurasa kadhaa karatasi imechakaa, nyembamba, kama imesuguliwa. Mchana wenzangu wakaenda kula. Mimi sikuwa na njaa. Nikailaza taa ubavuni mwa karatasi. Penseli ukiifuta, rangi huondoka lakini mkandamizo wa mkono hubaki.

Uk. 12: "Sisikii ladha ya kitu." Maneno yangu mwenyewe ya Jumapili yamekaa juu yake, herufi juu ya herufi.

Uk. 14: "Sketi nimeifunga kwa pini."

Uk. 17: "Nimeketi mlangoni. Kiti kiko mbali."

Nikajishika kiunoni. Pini ilikuwepo. Niliichoma asubuhi, nina haraka, wala sikuwaza!

Bosi alirudi akaniuliza nimeona nini, mbona nimekuwa rangi ya majivu. Nikasema lenzi ya mteja imepasuka. Akasema ya nani? Nikashindwa hata kudanganya vizuri.

Nimezisoma zote. Kila alichofuta yule mpishi ni habari zake mwenyewe. Za dada yake ameziacha. Alifuta ili dada asije akasoma.

Ijumaa, 19 Juni

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi chini ya ngazi. Nikamwuliza Bwana Kurasa: yule dada wa kwenye kitabu, alikufa? Nilitaka aseme ndiyo. Mungu anisamehe, nilitaka iwe ni hadithi ya mgonjwa aliyekufa, nijue cha kuogopa.

Akashangaa. Afe vipi, dada wa miwani? Boksi kaleta mwenyewe. Mama mmoja wa miraba minne, kalibeba boksi peke yake, ngazi zote hizi, wala hakuhema. Alisema zamani alikuwa kitandani, watu wameshapanga mazishi, mdogo wake akampikia mpaka akasimama. Halafu mdogo mtu ndiye akaenda. Hakuwa na ugonjwa wenye jina. Alipungua tu. Yule mama alisema hivi vitabu amechoka kuvitazama.

Kisha akaniangalia vizuri, akanisogezea kiti chake. Akasema kama hukipendi nitakubadilishia, usijali.

Jumamosi, 20 Juni

Mizani. Mama: kilo 42 na nusu. Ameongeza nne tangu nilete kitabu.

Aliposinzia nikapanda mimi. Mwezi wa tano tulipimwa kazini, nilikuwa 58. Leo 54. Nikashuka, nikasubiri sindano itulie, nikapanda tena. 54.

Kitabu nimekifunga kamba, nimekitupa juu ya kabati. Mchana nimepika supu ya kuku kutoka kitabu kingine, kile chenye madoa kuliko vyote, kisichowahi kuniangusha. Mama akaonja. Akaweka kijiko chini taratibu, kama anayeogopa kuniumiza.

"Si kibaya," akasema. Akageukia ukutani.

Jumapili, 21 Juni

Hakula.

Jumatatu, 22 Juni

Hakula. Maji tu. Vitabu saba viko wazi mezani, sufuria nne chafu. Nimejaribu kila doa ninalolijua.

Leo asubuhi nimesikia utamu wa sukari kwenye chai yangu. Nimelia. Nilijua umetoka wapi.

Jumanne, 23 Juni

Kilo 40. Mbili na nusu zimeondoka kwa siku tatu! Kaka amepiga simu: Alhamisi anakuja na gari, tumrudishe wodini, mpira au si mpira. Nikasema sawa. Mama alikuwa macho, alisikia.

Akanishika mkono. Akasema si kwamba hataki kula, nisimwone mkaidi. Chakula kikiingia mdomoni kinageuka pamba. Kile nilichokuwa nampikia mwanzoni kilikuwa kinashuka chenyewe. Akauliza, "Mwanangu, mbona umeacha?"

Nikasema viungo viliisha.

Nitaandika ukweli hapa. Sitaki kufa. Nina miaka arobaini na moja, nina fremu za watu hazijamalizika, nilikuwa nafikiria kununua jiko jipya. Nilikaa jikoni nikitafuta njia ya katikati – nusu kipimo? siku moja moja? nimwite kaka apike yeye? Nikamwona kaka amesimama juu ya sufuria, ana watoto watatu. Nikaona pia Mama amefungwa mpira puani, macho yake yananiuliza lile swali. Hilo la pili sikuliweza.

Nimepanda kiti, nimekishusha. Uk. 18, mkate wa kuloweka kwenye maziwa. Mabakuli mawili. Alilamba kijiko.

Jumatano, 24 Juni

Nimeomba ruhusa kazini. Naandika jikoni, nimeketi kwenye kigoda, maana kusimama kumenishinda. Supu ya dengu, uk. 20. Ndio ukurasa wa mwisho wenye maandishi. "Dada kainuka mwenyewe. Kamaliza sufuria." Chini yake kuna pale palipofutwa. Sina taa ya kulaza hapa, na hata ningekuwa nayo nisingeilaza.

Saa tatu nimempigia kaka. Nimemwambia asije kesho, Mama anakula. Akafurahi sana. Akaniuliza na wewe je? Nikasema nimepona mafua.

Mama ameita kutoka chumbani. Sauti yake ni ile ya zamani, ya kuniamrisha niingize nguo mvua inakuja. Anasema leo akishakula nimpe hicho kitabu akisome, amwone huyo mpishi hodari. Nikasema nakuja nacho.

Nimechukua raba. Nimeanza uk. 12, ile ya ladha. Halafu za pini, za miguu, zote nilizoziacha pembeni wiki hizi. Penseli yangu ni nzito, inabidi kusugua mara mbili tatu, karatasi inakuwa nyembamba kabisa. Zake Mama nimeziacha: vijiko vitatu, nusu bakuli, mayai mawili. Nimepuliza vumbi la raba. Pembeni ya dengu nimeandika tarehe tu.

Nasikia kitanda kinalia. Sasa ni nyayo. Hakuna aliyemshika, nani amshike? Zinakuja koridoni bila kukokota.

Yuko mlangoni. Amesimama mwenyewe, kanga kaifunga vizuri, kijiko mkononi. Ameniuliza naandika nini, nikasema orodha ya sokoni. Ameinama juu ya sufuria, anavuta harufu, anatabasamu. Anauliza chumvi imekaaje.

Nimeonja mbele yake. Nimemwambia imekaa sawasawa.